PASTA DERHAM, MUTU ALIYEPIMA MWENDO WA SAUTI



Sisi watoto wa Kolwezi tunajua jambo moja tangu zamani. Wakati wanalipua mawe kule katika karieri, vumbi inapanda kwanza, mushindo unakuja nyuma. Wengi wetu hatukuuliza sababu gani. Lakini kuna muchungaji mumoja aliyeuliza, na maisha yake ndiyo haya.

William Derham alizaliwa Uingereza mwaka 1657, karibu na muji wa Worcester. Alisoma Oxford. Mwaka 1689 alipewa kanisa la Upminster, kijiji kimoja karibu na London, na akalichunga mupaka kufa kwake mwaka 1735.

Wakati ule wenye elimu hawakupatana juu ya mwendo wa sauti. Isaac Newton, mukubwa wao, alikuwa amepata kwa hesabu futi 968 kwa sekunde. Derham yeye alitaka kupima. Mizinga ilipigwa Blackheath, ngambo ya muto Thames, kilometa 20 hivi. Pasta alipanda munara wa kanisa na darubini yake. Alipoona moto wa muzinga, alianza kuhesabu mipigo ya timazi, kila mupigo nusu ya sekunde, mupaka mushindo ufike. Karibu dakika nzima inapita! Hakufanya mara moja tu. Alirudilia kwa upepo huu na upepo ule.

Mwaka 1709 alitangaza: futi 1,142 kwa sekunde, ni kusema meta 348. Sauti kubwa na sauti ndogo zinakimbia sawasawa. Upepo wa nyuma unaisukuma sauti, upepo wa mbele unaichelewesha.

Basi, nani alikosa? Newton. Hesabu yake ilisahau joto ambalo hewa inapata ikibanwa na sauti. Laplace wa Ufaransa aliionyesha mwaka 1816. Lakini Derham naye alikosa kidogo: alizani baridi na joto havibadilishi kitu. Kumbe, katika hewa ya moto sauti inakimbia zaidi.

Wenzetu, tusiogope kupima hata kama mukubwa amekwisha kusema. Siku wakilipua, simama mbali, pahali pa salama. Ukiona vumbi, hesabu sekunde. Kila sekunde 3 ni kilometa 1 hivi.