Daktari wa Delft na Siri ya Kifuko cha Yai

Jina la Reinier de Graaf halitajwi mabarazani kwetu. Lakini daktari wa wanawake, awe Mombasa, Unguja au Kisii, hulijua, kwani vile vifuko vinavyolea yai katika tumbo la mwanamke hata leo vyaitwa kwa jina lake. Maisha yake yalikuwa mafupi, nayo yafaa kusimuliwa.

Alizaliwa Schoonhoven, Uholanzi, tarehe 30 Julai, 1641, akasomea utabibu Utrecht na Leiden. Mwaka 1664, akiwa bado kijana, alitoa kitabu juu ya maji ya kongosho. Alikuwa amemtia mbwa mrija mwembamba, akayakinga maji yale yalipokuwa yakitoka. Leo twajua kuwa maji hayo yana vimeng'enya, navyo ndivyo vinavyoikatakata nyama tuliyokula hata mwili ukaweza kuitumia. Mwaka 1665 alipata shahada ya udaktari Angers, Ufaransa, kisha akafanya kazi yake mjini Delft.

Wakati huo wataalamu walikuwa bado wanabishana juu ya fungu la mama katika mtoto. Aristotle alikuwa amefundisha kwamba mbegu ni ya baba. Galen, na baada yake Ibn Sina, walisema mwanamke naye ana mbegu yake. Sisi tuliokaa chuoni tulisomeshwa habari ya tone lililochanganyika, kwa hivyo jambo hili si geni kwetu.

De Graaf alitaka kuona kwa macho. Aliwapasua sungura majike waliopandwa, mmoja baada ya mwingine, kwa saa na siku mbalimbali. Akakuta vifuko vimepasuka, na siku ya tatu akaona vijiduara vidogo ndani ya mirija. Alipovihesabu, hesabu ikaafikiana na ya vifuko vilivyokuwa vitupu. Akayaandika hayo katika kitabu chake cha mwaka 1672. Yai lenyewe la mnyama anyonyeshaye lilikuja kuonekana mwaka 1827, na aliyeliona ni Karl Ernst von Baer.

Heshima ile ilimletea ugomvi. Jan Swammerdam, aliyepata kuwa mwenzake, alimshitaki kwa kumwibia ugunduzi, na shauri likafika mbele ya wataalamu wa London. Katika mwaka huo wa fitina, 1673, De Graaf aliwaandikia wataalamu hao hao kumtambulisha mwuza nguo wa Delft, Antoni van Leeuwenhoek, ambaye darubini zake zilikuja kuwa mashuhuri duniani. Tarehe 17 Agosti ya mwaka huo alifariki, umri wake miaka 32.

Aliacha swali moja: ni nini kinachokipasua kifuko? Mwaka 1916 mtafiti Schochet alitoa shauri kwamba ni vimeng'enya. Utafiti uliofuata ukaonyesha kuwa homoni kutoka ubongoni huviamsha vimeng'enya vinavyokata nyuzi ngumu za ukuta wa kifuko, na papo hapo mwili hutoa vizuizi vya kuvishika visipite mpaka.

Nilipowatazama wachongaji wa mawe laini kule Tabaka, Kisii, niliielewa habari hii vizuri zaidi. Panga hukata, kisu hufuata, msasa na maji humaliza. Lakini mchongaji asiyejua pa kukomea humkata tembo mkonga. Basi kimeng'enya ni panga, na kizuizi ni mkono unaolizuia. Yai likishatoka, jeraha hugeuka tezi ya manjano, ambayo De Graaf naye aliieleza. Mimba isipopatikana, baada ya wiki mbili hivi tezi hiyo hubomolewa, na vimeng'enya vina fungu lao katika kazi hiyo pia.

Hivyo kijana yule alizishika nusu mbili za siri moja, maji yanayokata na kifuko kinachopasuka, na mauti yakamkuta kabla hazijaunganishwa.

Katika milima ya Kisii na Nyamira, kama kwetu Pwani, mtoto ni heshima ya nyumba, na mke asiyezaa huwa wa kwanza kulaumiwa. Wako waliopewa talaka, wako walioitwa wachawi. Kumbe pengine mume ndiye mwenye kasoro, na pengine ni kifuko tu hakikupasuka kwa wakati wake. Hilo ni jambo la kupelekwa kwa daktari, mume na mke pamoja, wala si la kumvunjia mtu nyumba yake.