Habari za David Vetter, Mtoto wa Hema la Plastiki

Wazee wa Wairaqw huko Mbulu walikuwa na desturi ya metimani: aliyepatwa na msiba, kama mama aliyefiwa na mtoto mchanga, alitengwa na jirani zake, msiba usije ukawapata nao. Leo twapenda kuwasimulia wasomaji wetu wa Mbulu na Hanang habari za mtoto aliyetengwa kwa sababu nyingine: ili watu wasimdhuru yeye.

David Vetter alizaliwa Houston, nchi ya Marekani, tarehe 21 Septemba 1971. Ndugu yake aliyemtangulia alikufa akiwa na miezi 7, kwa kuwa mwili wake haukuweza kupigana na maradhi. Kwa hiyo David alipozaliwa tu, madaktari walimtia ndani ya hema la plastiki. Hewa, maziwa, nguo, hata maji ya ubatizo wake, vyote viliondolewa vijidudu kwanza. Mama yake alimshika kwa glavu zilizoshikamana na hema. Mwaka 1977 NASA walimtengenezea vazi la kumkinga, ndipo mama alipompakata mara ya kwanza.

Oktoba 1983 alitiwa uboho wa dada yake. Lakini virusi vya Epstein-Barr vilikuwa vimelala ndani yake, navyo vikamletea saratani. Februari 1984 alitolewa hemani, mama akamgusa kwa mkono mtupu. Tarehe 22 mwezi huo akafa, mwenye umri wa miaka 12.

Mwaka 1993 wataalamu walitambua chanzo. Seli zilindazo mwili huitana kwa wajumbe waitwao saitokini, na kila seli ina vipokezi, mfano wa masikio. Kwa watoto hawa kipokezi kina kasoro: wito hutolewa wala hausikiwi, na askari wa mwili hawapatikani. Kasoro hiyo imo katika kromosomu ya X. Mama huichukua pasipo kuugua. Mwanawe wa kiume akiirithi, huugua.

Basi mama aliyezika wana wawili au watatu asidhaniwe kuwa amelaaniwa. Akijifungua tena, Haydom au penginepo, na awaeleze wauguzi habari za wale waliokufa, kabla mtoto hajachanjwa BCG. Chanjo hiyo yawafaa watoto walio wengi sana, lakini ina vijidudu hai, nayo yaweza kumwua mtoto wa namna hii. Naye akitambuliwa mapema, katika miezi yake ya kwanza, uboho wa mtu mwingine waweza kumponya.