Sayyidna Omar na Daftari la Wanyonge

Kisa cha gunia la unga kila mmoja wetu amekisikia tangu alipokuwa chuoni. Sayyidna Omar bin Khattab (R.A.) alitoka usiku nje ya Madina pamoja na mtumishi wake Aslam, akaona moto kwa mbali, akamkuta mama ameteleka chungu cha maji matupu ili kuwapumbaza watoto wake wenye njaa. Akarejea mbio Baitul Mali, akajitwika unga yeye mwenyewe, akawapikia kwa mkono wake. Katika darsa za Ramadhani kisa hiki hakikosi. Sisi hatuna neno juu yake ila moja: mwenyewe Sayyidna Omar hakuridhika kuishia hapo, kwani mgongo wa mtu mmoja, hata akiwa ni Khalifa, hauwezi kubeba unga wa nyumba zote. Yale aliyoyafanya mchana, kwa kalamu na hisabu, husimuliwa mara chache, na hayo ndiyo tuyatakayo leo.

Alikuwa ni mtu wa Bani Adiy katika Makureshi. Udogoni mwake alichunga wanyama wa baba yake, naye alikuwa baba mkali, na jambo hilo alilikumbuka hatta ukubwani. Ukhalifa aliushika mwaka wa 13 Hijria (634), baada ya kufa Sayyidna Abubakar (R.A.).

Mwaka wa 18 (639) mvua zilikatika Hijazi, ardhi ikageuka rangi, na mwaka ule ukaitwa Mwaka wa Majivu. Mabedui walimiminika Madina na watoto wao. Khalifa aliwaandikia maliwali wake wa nchi zenye neema, na Abu Ubaida akaja kutoka Shamu na ngamia 4,000 waliopakiwa chakula. Nafsini mwake Sayyidna Omar aliacha nyama na samli, akala mkate kwa mafuta mpaka mwili wake ukasawijika. Zaka za mwaka ule hakutuma watu kuzikusanya kwa wafugaji. Alingoja mpaka mvua iliponyesha.

Lakini liko jambo jingine la siku zile ambalo sisi twalistaajabia zaidi. Usiku mmoja aliamrisha wahisabiwe watu waliokula katika sinia zake, wakapatikana kiasi cha 7,000. Kisha akaamrisha wahisabiwe wale wasiokuja: wagonjwa, wazee, watoto, na wanawake waliobaki mahemani. Hao wakapatikana kiasi cha 40,000, na chakula chao kikapelekwa huko huko walikokuwa. Mwenye kugawa sadaka mlangoni pake siku ya Ijumaa huwaona walio na miguu ya kufika na uso wa kuomba. Aliyelala nyumbani hamwoni, wala haulizi.

Mali ya Iraki na Shamu ilipozidi, Khalifa alishauriana na Masahaba, akaweka Diwani, yaani daftari la majina ya watu na mafungu yao. Wengi katika wanahistoria wameiweka kazi hiyo katika mwaka wa 20 (641). Waandishi walikuwa watatu waliojua nasaba: Aqil bin Abi Talib, Makhrama bin Naufal na Jubair bin Mut'im. Wao walianza na Bani Hashim, wakafuatisha jamaa za Abubakar, kisha jamaa za Omar. Alipoitazama orodha aliikataa, akataka watu wapangwe kwa ukaribu wao na Mtume (S.A.W.), na Omar awekwe pale atakapoangukia. Bani Adiy wakamwendea kumnasihi, naye akawarudisha. Mwanawe Abdullah alipata fungu dogo kuliko Usama bin Zaid, mtoto wa mtumwa aliyeachwa huru, na aliponung'unika baba yake alimjibu kwamba Mtume alimpenda Usama na baba yake zaidi. Hapa msomaji na asimame kidogo, akumbuke madaftari ya misaada aliyopata kuyaona, na majina ya nani hutangulia.

Mwanzo watoto walioandikiwa fungu walikuwa ni wale tu waliokwisha kuachishwa ziwa. Usiku mmoja Khalifa alimsikia mtoto akilia mfululizo, akamuuliza mama yake, akaambiwa kwamba anamwachisha ziwa kabla ya wakati wake kwa sababu Omar hamwandikii anyonyaye. Mama hakujua asema na nani. Alfajiri ile Khalifa aliswalisha kwa kilio hatta watu hawakuielewa vyema kisomo chake. Kisha akatangaza kwamba kila mtoto ataandikiwa tangu kuzaliwa, dirhamu 100, na akikua ataongezwa. Mtoto wa kuokotwa naye aliandikiwa vivyo hivyo. Sharti lililowekwa kwa nia njema lilikuwa limewaumiza wale wale lililowakusudia, na halikujulikana mpaka mwenye kuliweka alipokwenda kusikiliza mlangoni.

Chakula nacho alikipima. Alipikisha kipimo kimoja cha nafaka kiitwacho jaribi, akaita watu thelathini wakala mchana wakashiba, na jioni akafanya mfano wake. Akajua ya kuwa jaribi mbili humtosha mtu kwa mwezi, akaamrisha kila mtu apewe hizo, mwanamume na mwanamke na mtumwa, sawasawa.

Hata asiyekuwa Muislamu hakusahauliwa. Amepokea Abu Yusuf, Kadhi wa Baghdad, kwamba Khalifa alimkuta mzee Myahudi kipofu akiomba milangoni. Alipojua kuwa kinachomwombesha ni jizya na uzee, alimpeleka nyumbani kwake akampa alichokuwa nacho, kisha akamwamuru mweka hazina amwondolee jizya, yeye na walio mfano wake.

Ama fedha, hazikuwa sawa. Abubakar aliwagawia watu sawasawa, akiona kwamba malipo ya kutangulia katika dini yako kwa Mungu. Omar alitofautisha: watu wa Badri dirhamu 5,000, na wengine chini yao kwa daraja. Miaka ikapita, wenye vingi wakazidi kuwa navyo. Imepokewa kwamba mwisho wa umri wake alikusudia, akifika mwaka wa pili, kuwaunganisha wote wawe sawa. Mwaka huo hakuufikia. Uthman aliendelea na daraja zile, na Ali alipotawala akarejesha usawa.

Siku nne kabla ya kuchomwa kisu, mwishoni mwa Dhulhija mwaka wa 23 (644), aliwauliza wasimamizi wake wawili wa ardhi ya Iraki kama kodi waliyoiweka haikuwazidi wakulima nguvu. Wakamjibu kwamba haikuwazidi. Akanuia kwamba Mungu akimweka hai, atawaacha wajane wa Iraki hawamhitaji mtu yeyote baada yake. Alipokuwa amelazwa na jeraha alimwamuru Abdullah ahisabu deni lake, likafika kama dirhamu 86,000. Akausia lilipwe kwa mali ya jamaa zake, na ikiwa haitoshi waombwe Bani Adiy, kisha Makureshi, na wasiombwe wengine.