Begum Rokeya: Mama Aliyepigania Haki ya Binti wa Kiislamu Kusoma



  

Leo tunaangalia maisha ya mama mmoja wa Kiislamu kutoka Bengal, upande wa mashariki wa Bara Hindi, nchi ambayo zama zake ilikuwa chini ya utawala wa Waingereza. Jina lake ni Rokeya Sakhawat Hossain, na watu wa kwao wanamwita Begum Rokeya. Tumemchagua kwa sababu swali alilohangaika nalo maisha yake yote bado linaulizwa katika nyumba zetu: je, anayemzuia binti kusoma anailinda dini, au anailinda mila aliyoikuta kwa wazee wake?

Rokeya alizaliwa mwaka 1880 katika kijiji cha Pairaband, wilaya ya Rangpur, ambayo leo iko Bangladesh. Baba yake alikuwa mwenye ardhi kubwa na msomi wa lugha kadhaa. Watoto wa kiume walipelekwa kusoma Kolkata. Mabinti walifundishwa kuisoma Qur'ani, na Kiajemi na Kiurdu kidogo, basi. Kibengali, lugha ya nchi yao wenyewe, na Kiingereza vilikuwa mwiko kwao.

Utawa wa nyumba ile ulikuwa mkali kupita tunavyoweza kudhani. Tangu umri wa miaka mitano, Rokeya alitakiwa kujificha hata mbele ya wanawake wageni. Akija mgeni, mtoto alikimbilia darini au nyuma ya mlango, na huko alikaa mpaka mgeni aondoke.

Mwenyezi Mungu alimjaalia ndugu wema. Dada yake mkubwa, Karimunnesa, alimsaidia kujifunza Kibengali. Kaka yake, Ibrahim Saber, alimfundisha Kiingereza usiku, kwa mwanga wa mshumaa, watu wa nyumbani wakiwa wamelala. Msichana yule hakuwahi kukaa darasani hata siku moja, lakini alikuja kuandika vitabu katika lugha hizo mbili alizokatazwa.

Akiwa na umri wa miaka kumi na kitu aliolewa na Syed Sakhawat Hossain, hakimu wa serikali katika mji wa Bhagalpur, mwanamume aliyefiwa na mke na aliyemzidi umri kwa miaka mingi. Wengi wangetarajia kwamba hapo ndipo kalamu ingewekwa chini. Kinyume chake, mume huyo alimhimiza asome na aandike, na akatenga rupia 10,000 kwa ajili ya shule ya mabinti wa Kiislamu. Walijaaliwa watoto wawili wa kike, na wote wawili walifariki wakiwa wachanga. Mwaka 1909 mume naye akafariki. Rokeya akabaki mjane hajafika miaka thelathini, bila mtoto.

Miezi michache baadaye alifungua shule Bhagalpur, ikiwa na wanafunzi watano. Mgogoro wa mali ndani ya familia ukamlazimu kuhama, na mwezi Machi 1911 akaifungua upya Kolkata, katika nyumba ndogo, na wanafunzi wanane. Aliipa jina la marehemu mumewe. Kwa kuwa yeye mwenyewe hakujua darasa linaendeshwaje, alikwenda kutazama shule za wengine ili ajifunze. Kisha akawa anapita nyumba kwa nyumba kuwaomba wazazi wamwamini na mabinti zao. Qur'ani ilifundishwa, pamoja na lugha, ushonaji na uuguzi wa nyumbani.

Tuangalie kisa kimoja alichokiandika mwenyewe, kwani kinaonyesha ugumu wa kazi ile. Ili wazazi waridhike, shule ilitengeneza motokaa ya kuwachukua watoto iliyofunikwa pande zote, isiyopitisha mwanga wala hewa ya kutosha. Watoto wakashikwa na hofu gizani, wengine wakatapika, wengine wakazimia. Pazia likawekwa ili hewa ipite. Hapo zikaja barua za watu wakilalamika kwa jina la Uislamu kwamba upepo unapeperusha pazia na wasichana wanaonekana. Mama yule akabaki katikati: akifunga, watoto wanazimia, akifungua, anaitwa mharibifu wa dini.

Visa vya namna hiyo alivikusanya katika kitabu chake cha mwaka 1931 kuhusu wanawake waliotawishwa. Kimo kisa cha bibi mmoja, jamaa wa mumewe, aliyeanguka relini akiwa amevaa baibui zito wakati wa kubadilisha treni. Wapagazi walikimbia kumwinua, lakini mtumishi wake wa kike aliwazuia wasimguse kwa kuwa ni wanaume. Mtumishi peke yake hakuweza kumwinua. Treni ilisubiri kama nusu saa, kisha ikaondoka, na bibi yule akafa.

Hapa inatupasa tusimame. Kila aliyesoma fiqhi, hata kidogo, anajua kwamba dharura huruhusu kilichokatazwa, na kwamba kuhifadhi uhai ni katika makusudio makubwa ya sheria. Hakuna mwanachuoni ambaye angetoa fatwa kwamba bibi yule aachwe relini. Kilichomuua ni mila iliyojivika jina la dini, na mkono wa mjinga uliodhani unamtii Allah.

Ni muhimu pia kueleza kwamba Begum Rokeya hakuwa adui wa hijabu. Yeye mwenyewe alijisitiri na aliitetea stara ya mwanamke wa Kiislamu. Alichokipinga ni kumfungia mwanamke ndani hadi akili na afya yake vinyauke. Hoja yake kwa wazazi ilitoka ndani ya Uislamu: Mtume (s.a.w.) amefaradhisha kutafuta elimu, kwa hiyo baba anayemnyima binti yake elimu anakwenda kinyume na Mtume huyo huyo anayedai kumfuata. Na sisi tunakumbuka kwamba wanawake wa Madina walipomwomba Mtume (s.a.w.) awatengee siku yao ya mafunzo, aliwatengea.

Si kila alichokiandika kilikubalika. Katika makala zake za mwanzo yamo maneno makali kuhusu dini ambayo hatuwezi kuyaunga mkono, na yeye mwenyewe aliyaondoa aliposhughulikia kuchapisha kitabu. Mwanadamu hupimwa kwa jumla ya kazi yake.

Alikuwa pia mtu wa amani. Katika hadithi yake ya mwaka 1905, aliyoiandika kwa Kiingereza, alibuni nchi inayoongozwa na malkia asiyetamani ardhi ya mtu, ambako elimu imechukua nafasi ya upanga. Katika riwaya yake ya mwaka 1924 alichora nyumba ambamo wanawake wa Kiislamu, Kihindu na Kikristo wanaishi pamoja wakiwahudumia wagonjwa na maskini. Miaka miwili tu baadaye, mitaa ya Kolkata ilishuhudia umwagaji damu baina ya Wahindu na Waislamu. Na tangu mwaka 1916 alikuwa ameanzisha jumuiya ya wanawake wa Kiislamu iliyowasaidia wajane na mafukara.

Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1932 alikuwa mezani akiandika makala kuhusu haki za mwanamke. Alfajiri ile alifariki, akiwa na umri wa miaka 52. Karatasi ilikutwa juu ya meza, makala haijakamilika. Shule yake ya wanafunzi wanane inaendelea kusomesha wasichana Kolkata mpaka leo, na Bangladesh humkumbuka kila mwaka tarehe hiyo.

Ndugu zetu katika imani, mama huyu alizika watoto wake wawili, kisha akawa mama wa mabinti wa watu. Mwenye binti nyumbani aliyeachishwa shule au madrasa kwa sababu tu ni wa kike, na ajiulize atamjibu nini Mola wake. Elimu ya binti ni amana, na amana hurudishwa kwa mwenyewe.

Tunamwomba Allah amrehemu Begum Rokeya, amsamehe makosa yake, na aijaalie elimu iliyoenea kupitia mikono yake kuwa sadaka yenye kuendelea. Amin.