Sheikh Al-Amin Mazrui na historia ya walioshindwa

Watu wengi wakisikia jina la Mazrui siku hizi humkumbuka Profesa Ali Mazrui, mtaalamu wa siasa aliyefariki mwaka 2014 na kuzikwa Mombasa, katika makaburi ya jamaa zake yaliyo karibu na Ngome ya Yesu. Si ajabu, kwani sauti yake ilisikika duniani kote. Lakini kabla ya mwana kulikuwako baba, na kwa maoni yangu baba huyo ndiye aliyeifanya kazi iliyo ngumu zaidi: alikaa papa hapa kisiwani akaandika siasa za Mombasa za karne ya 18 na ya 19 hali yeye mwenyewe ni mjukuu wa walioshindwa katika siasa hizo.

Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alizaliwa Mombasa mwaka 1891. Babake, Sheikh Ali bin Abdallah, alikuwa mwanachuoni aliyewahi kufungwa Unguja na Seyyid Barghash kwa sababu ya mijadala ya madhehebu. Wamazrui walitoka Omani wakiwa Ibadhi, na kuhamia kwao katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya Waswahili walio wengi, hakukuwapendeza watawala. Mtoto alifiwa na babake angali mdogo sana. Alilelewa na kusomeshwa na jamaa yake, Sheikh Suleiman bin Ali Mazrui, kisha akaenda Unguja kusoma kwa Sayyid Ahmad bin Sumait na Sheikh Abdallah Bakathir, maulamaa wawili ambao katika zama zao hapakuwa na wa kuwapita katika pwani yetu.

Mambo mawili yalimtofautisha na wanachuoni wenzake. La kwanza ni kwamba alisoma magazeti. Jarida la al-Manar la Rashid Rida, lililochapishwa Kairo, lilimfikia Mombasa, na humo alijifunza kwamba unyonge wa Waislamu una sababu za kidunia zinazoweza kuchunguzwa na kuondolewa. La pili ni kwamba aliyaandika hayo kwa Kiswahili. Mwaka 1930 alianza kutoa karatasi aliyoiita Sahifa, na mwaka 1932 akaanzisha gazeti la al-Islah, kwa Kiswahili na Kiarabu. Humo aliwakemea wenyeji waliouza ardhi zao wakala fedha, waliotupa desturi zao na kushika za Wazungu bila ya kushika elimu yao, na waliowaacha watoto wa kike bila ya kusoma. Gazeti hilo halikudumu, ila baadhi ya makala zake zilikusanywa baadaye katika kitabu kiitwacho Uwongozi.

Naomba msomaji aitazame herufi ya w katika jina hilo. Mwaka 1928 wajumbe wa serikali za kikoloni walikutana papa hapa Mombasa wakaamua kwamba Kiswahili sanifu kitajengwa juu ya Kiunguja, na mwaka 1930 kamati ya lugha ikaundwa ili kuusimamia uamuzi huo. Sheikh Al-Amin aliendelea kuandika Kimvita chake, na alipotumia herufi za Kiarabu alizitia alama za ziada ili zichukue sauti zetu ambazo Mwarabu hana. Sisi wa taaluma ya isimu twajua kwamba Kimvita hutofautisha t ya meno na t ya ufizi, tofauti ambayo tahajia ya Kirumi tuliyopewa huimeza kabisa. Yamkini wajumbe wa mwaka 1928 hawakuisikia, ilhali yeye aliisikia kila siku barazani.

Mwaka 1932 alifanywa Kadhi wa Mombasa, na mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya. Cheo hicho chataka kufahamika vizuri. Kisheria, pwani haikuwa sehemu ya Koloni la Kenya. Ule ukanda wa maili kumi ulikuwa milki ya Sultani wa Unguja, uliokodishwa kwa Waingereza kwa mapatano ya mwaka 1895, na bendera nyekundu ya Sultani ilipepea juu ya Ngome hadi mwaka 1963. Basi Kadhi Mkuu aliipata nafasi yake ndani ya utaratibu uliosimama juu ya mamlaka ya Albusaidi, yaani ukoo ule ule uliowang'oa mababu zake mwaka 1837. Mtu aliyekaa mahali kama hapo angeweza kunyamaza. Yeye aliandika kwa Kiarabu historia ya dola ya Mazrui ya Mombasa.

Mambo anayoyashughulikia mwandishi wa historia hiyo ni mazito, nami nitayataja kwa ufupi. Waomani waliiteka Ngome kutoka kwa Wareno mwaka 1698. Wamazrui walikuja kama maliwali wa maimamu wa Yaarubi. Ukoo wa Albusaidi uliposhika uimamu huko Omani katikati ya karne ya 18, Mazrui wa Mombasa hawakuona sababu ya kumtii mtu ambaye jana tu alikuwa liwali kama wao. Wakajitawala. Kwa zaidi ya miaka 80 walitawala kwa kupatana na Thenashara Taifa, yaani Tisa Taifa na Thelatha Taifa, na kwa mafungamano na Wamijikenda wa bara. Bila ya watu hao wa mpakani, Mombasa isingekuwa na chakula wala askari. Pemba ilikuwa ghala yao ya nafaka. Kila aliyetaka kuiua Mombasa alianza na Pemba.

Waliposhindwa vitani Shela, Lamu, yapata mwaka 1812, mizani iligeuka. Lamu ilimwita Seyyid Said, na kufikia mwaka 1823 Pemba ilikuwa imekwisha potea. Hapo ndipo diplomasia ilipohamia Bara Hindi. Serikali ya Waingereza iliyohusika na Omani na bahari yetu ilikuwa Bombay, na huko ndiko Wamazrui walikopeleka maombi yao ya ulinzi. Wakakataliwa, kwa kuwa Seyyid Said alikuwa rafiki wa Waingereza katika Ghuba, naye alikuwa amekwisha tia sahihi mkataba wa mwaka 1822 wa kupunguza biashara ya watumwa. Wamazrui hawakukata tamaa, wakashona bendera ya Uingereza wenyewe na kuitundika juu ya Ngome. Februari 1824 Kapteni Owen alipotia nanga na manowari yake, Leven, alikubali kuweka ulinzi kwa sharti la kukomeshwa kwa biashara ya watumwa na kugawana ushuru wa forodha, naye akaahidi kuwarudishia nchi zao. Luteni Reitz aliyeachwa hapa alifariki kwa homa baada ya miezi michache tu, na jina lake limesalia Port Reitz. Mwaka 1826 ulinzi ukaondolewa kwa amri ya wakubwa, na Pemba haikurudi.

Yaliyofuata yalikuwa ya polepole. Seyyid Said alishambulia mwaka 1828 na kurudi tena na tena, lakini Mombasa haikuanguka kwa mizinga. Ilianguka kwa fitina ya urithi baada ya kufa Salim bin Ahmad mwaka 1835, wakati wakubwa wa mji walipogawanyika. Mwaka 1837 Wamazrui waliokuwa na sauti walikamatwa kwa hila na kupelekwa Bandar Abbas, na waliosalia wakahamia Takaungu na Gazi. Askari wa Kibaluchi wa Seyyid Said wakaja kukaa hapa. Makadara ni mtaa wao wa zamani, na wenyeji husimulia kwamba jina lenyewe latokana na kadari, kana kwamba hata askari walijua kwamba hawakuja kwa hiari yao.

Je, yafaa kumwamini mtu anayeandika habari za babu zake? Mwenye kuisoma historia hii hana budi kuisoma pamoja na masimulizi ya upande wa Unguja. Tena ni historia ya watawala. Msomaji wa leo atataka kujua habari za watumwa waliolima mashamba ya Takaungu, na za Mgiriama na Mdigo aliyeitwa vitani. Hata hivyo, sioni kwamba ujamaa wa mwandishi waibatilisha kazi yake. Bombay na London ziliacha majalada kwa majalada ya barua, na katika barua hizo Mombasa ni bandari tu, ya kuchukuliwa au kuachwa. Mtu aliyejua nani alimwoa nani, na taifa gani lilikasirika kwa jambo gani, anaweza kueleza kwa nini mji uliohimili mizinga ulifunguliwa mlango kutoka ndani. Hayo hayamo katika barua za Owen.

Sheikh Al-Amin alifariki mwaka 1947, mwanawe Ali akiwa na umri wa miaka 14. Alikuwa amemtarajia kijana huyo aende al-Azhar. Wanafunzi wake, hasa Sheikh Muhammad Kasim Mazrui, waliendeleza kazi yake ya dini, na tafsiri yake ya sehemu za Kurani ilitolewa. Historia ya Mazrui ilikawia zaidi. Ilichapishwa mwaka 1995, miaka 48 baada ya kufa kwake, ikiwa na tafsiri na maelezo ya Kiingereza ya J. McL. Ritchie, katika mfululizo wa British Academy. Twamshukuru Ritchie kwa kazi njema. Lakini vitabu vya namna hiyo huchapishwa kwa ajili ya maktaba za vyuo vikuu, na bei yake si ya mwalimu wa madrasa wala ya mchuuzi wa Makadara. Mwandishi aliyetoa gazeti zima kwa Kiswahili ili asomwe na watu wa mtaani anastahili historia yake isomeshwe kwa Kiswahili katika shule za mji wake, na ningependa iwe kwa Kimvita, w yake ikiwa mahali pake.