Edgar Sengier na majiwe ya Shinkolobwe

Mutu wa Likasi anajua Shinkolobwe. Edgar Sengier je? Wengi wetu tulisikia jina lake paka kwa wazee waliotumika Union Minière.

Alizaliwa mwaka wa 1879 ku Kortrijk, Ubelgiji. Alisomea kazi ya migodi, na mwaka wa 1911 akaingia Union Minière, mwaka ule ule tanuru ya hapa Lubumbashi ilianza kutosha shaba. Kidogo kidogo akakuwa mukubwa wake.

Uraniumu ya Shinkolobwe ilionekana mwaka wa 1915. Walitafuta ndani yake radiumu ya kutunza kansa. Ingine haikukuwa na soko kubwa. Mwezi wa Mei 1939, ku London, Mwingereza Tizard akamuonya Sengier kama ile majiwe inaweza kuletea inchi yake hatari ikiangukia ku mikono ya adui. Alielewa mbio.

Ubelgiji wakati ule ilisema haina upande. Tarehe 10 Mei 1940 Wadachi wa Hitler wakaingia, na kisha siku 18 jeshi lake likaweka silaha chini. Sengier alikuwa ameshafika New York. Mwaka ule ule aliagiza tani zaidi ya 1.200 zitoke Katanga, zipite Lobito, ziende kuwekwa Staten Island ndani ya mapipa ya chuma. Wamarekani hawakuharakisha. Mwezi wa Septemba 1942 kolonele Nichols akaingia ku biro yake, na saa moja haikuisha, mapatano yakawa tayari. Mugodi uliojaa maji ukafunguliwa tena. Baba zetu wakachimba, wakajaza mifuko. Kazi ilikuwa ya siri. Hawakuambiwa ni ya nini. Agosti 1945, Hiroshima.

Sasa tuangalie ile inchi ndogo iliyo mbele ya adui. Mwaka wa 1944 serikali yake iliahidi Amerika na Uingereza kuwa wao njo watauziwa kwanza. Mwaka wa 1949 ikaingia OTAN. Hesabu yake ilikuwa hii: adui asijaribu kushambulia, juu anaogopa bomu ya mukubwa wetu. Lakini woga haukuisha. Njo maana walijenga kambi kubwa ya jeshi ku Kamina: Warusi wakifika Brussels, wakimbilie kwetu! Ku meza ile, mutu wa Shinkolobwe hakuitwa. Tunaona hapo njo deni iko.

Ubelgiji ilisaidiwa kujenga kituo cha atomu ku Mol. Sengier alipata medali ya Amerika mwaka wa 1946, na jiwe ya kijani iliyotoka Luiswishi inaitwa sengierite. Mwaka wa 1960, mbele ya uhuru, mashimo ya Shinkolobwe yalifungwa na betoni. Yeye alikufa ku Cannes, Ufaransa, tarehe 26 Julai 1963.

Ba-creuseurs walirudia pale kutafuta kobalti. Mwezi wa Julai 2004 udongo uliwaangukia, watu 8 ao zaidi wakakufa.