Angaine: Waziri aliyebebeshwa kiu ya ardhi

WAKENYA walipojaa katika uwanja wa Kinoru mjini Meru mnamo Juni 1, 2018 kwa sherehe za kitaifa za Madaraka, walikuwa katika ardhi ya kwao marehemu Jackson Harvester Angaine. Mwanasiasa huyo, aliyefahamika kwa lakabu ya mfalme wa Meru, ndiye aliyekabidhiwa suala lililowafanya wengi kuingia msituni: ardhi.

Angaine hakuwa mgeni katika harakati za ukombozi. Serikali ya kikoloni ilimtia kizuizini wakati wa hali ya hatari iliyotangazwa Oktoba 1952. Hivyo basi, Mzee Jomo Kenyatta alipomteua Waziri wa Ardhi na Makazi mwaka 1963, waliopoteza mashamba waliona kuwa mwenzao ameshika usukani.

Wakati huo, wapiganaji wa Mau Mau wakiongozwa na Musa Mwariama na Baimungi walikuwa wakitoka katika msitu wa Mlima Kenya. Walitarajia kugawiwa mashamba ya walowezi bila malipo.

Hata hivyo, hazina ya taifa changa ilitegemea kahawa, chai na pareto, na uhuru ulikuwa umepatikana kwa masharti kwamba mashamba yangenunuliwa. Serikali ilikopa fedha, hasa kutoka Uingereza na Benki ya Dunia. Kupitia mpango wa ekari milioni moja, familia zipatazo 35,000 zilipata makao, lakini kila mkulima alibaki na deni la kulipa kwa miaka mingi.

Uamuzi huo uliacha majeraha. Bildad Kaggia, aliyetetea wasio na mashamba, alipoteza wadhifa wa waziri msaidizi mwaka 1964. Baimungi, ambaye hakuridhika, aliuawa na maafisa wa usalama mapema mwaka 1965. Aidha, mashamba mengi makubwa yaliangukia mikononi mwa matajiri na wakubwa serikalini.

Licha ya hayo, sifa ya Angaine haiwezi kufutwa. Ni rahisi kuahidi ardhi ya bure jukwaani. Ni vigumu kuigawa bila damu kumwagika nchi nzima na bila njaa kubisha hodi. Chini ya usimamizi wake, maskwota na vibarua wengi waligeuka wenye mashamba, na kilimo hakikuporomoka walowezi walipofungasha virago.

Alishikilia wizara hiyo kwa miaka 16, hadi wapiga kura walipomwangusha katika uchaguzi wa 1979. Alifariki mwaka 1999.

Waliokosa shamba bado wana haki ya kulalamika. Lakini mkulima anayevuna viazi Kinangop katika shamba ambalo babu yake alililipia kidogo kidogo, naye ni sehemu ya urithi wa mzee huyo wa Meru.